Herufi zilizoachana: kuandika Kiarabu na ﷺ kwenye kompyuta



Ndugu zangu, kabla ya Ramadhani iliyopita nilichapa dua ya kufuturu na nyingine chache kwa watoto wa madrasa moja ya Bwera. Kwenye kompyuta yangu hapa Kasese zilikuwa safi. Nikabeba faili kwenye flashi, nikapanda teksi, nikatoa nakala 40 katika steshenari moja huko Bwera na kumpelekea ustadhi bila hata kuzitazama. Akazirudisha. "Mwanangu, hapa hakuna dua, kuna herufi tu." Kila herufi ilikuwa imesimama peke yake, tena kutoka kushoto kwenda kulia. Mahali pa ﷺ palikuwa na kiboksi kitupu. Kwa kuwa jina la Allah lilikuwemo, hatukuzitupa jalalani, tulizichoma.

Nikaanza kuuliza sababu. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Mpango uitwao Unicode umeipa kila herufi namba yake, inayoandikwa kwa tarakimu pamoja na herufi A hadi F. Alif ni 0627, ba ni 0628. Ba ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, namba ni ile ile. Programu ndiyo inayochagua umbo na kuziunganisha. Programu isiyojua kazi hiyo hutoa kile alichokiona ustadhi.

Kiboksi ni jambo jingine. Maana yake namba ipo ila fonti haina umbo lake. Badilisha fonti, Amiri na Scheherazade New ni za bure na zote zina ﷺ. Ukiona alama za kuuliza ???? mahali pa Kiarabu, mara nyingi faili limehifadhiwa kwa mfumo wa zamani usio na Kiarabu, na maneno yenyewe yamepotea. Hapo chapa upya.

Katika Word ya Windows, andika FDFA kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: inageuka ﷺ. Acha nafasi baada ya jina Muhammad, kwa maana ile d ya mwisho nayo huhesabiwa kuwa tarakimu na namba inaharibika. FDFB ni ﷻ.

Tuliosoma elimu ya hadithi tunajua Ibn al-Salah alikataza kuifupisha salamu ya Mtume kwa herufi chache. Binafsi naona ﷺ haimo katika katazo hilo: ni sentensi nzima iliyoandikwa kwa umbo moja, na Unicode yenyewe huifungua kuwa alama 18, nafasi zikiwemo. "S.A.W." ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Kwa wanaoandika tasnifu kwa herufi za Kilatini: 1E25 ni ḥ, 1E63 ni ṣ, 02BF ni ʿ ya ayn. Msizione nukta hizi kuwa mapambo. Kwa h tupu, msomaji hajui kama umekusudia ha ya حمد au ile ya هدى. Na anayeandika k mahali pa q katika qalb ameugeuza moyo kuwa mbwa.

Nilirudi Bwera baada ya siku tatu na faili la PDF, fonti zikiwa ndani yake. Safari hii nilitoa nakala moja kwanza, nikaisoma pale pale kaunta neno kwa neno, watu wakisubiri nyuma yangu.