Punje Inayofanana na Haradali

Leo tunautazama mmea ambao wengi wetu tumeupita mara nyingi kandokando ya njia na mashambani, hasa katika nchi za chini zenye joto na ukame. Wataalamu huuita Argemone mexicana. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Leo umeenea Afrika na India kama gugu.

Kuutambua si kazi ngumu. Majani yana rangi ya kijani kama yamepakwa majivu, mishipa yake ni myeupe, na pembeni yana miiba. Ua ni la manjano, na ni zuri kweli, hatuna budi kukiri. Ukivunja shina, hutoka utomvu wa manjano. Mifugo huuepuka, kwa hiyo hubaki umesimama malishoni hata nyasi zikiisha.

Hatari kubwa imo katika mbegu. Ni ndogo, nyeusi, za mviringo, na zinafanana na punje za haradali, ile tuliyoisikia katika Injili kabla ya kuiona kwa macho. Huko India watu wengi hupikia mafuta ya haradali. Mbegu hizi zikikamuliwa pamoja nayo, kwa uzembe au kwa tamaa ya faida, mafuta huchukua sumu iitwayo sanguinarini. Anayeyatumia huvimba miguu na kukosa pumzi. Moyo hudhoofika, na wengine hupata presha ya macho. Ugonjwa huu ulionekana Calcutta mwaka 1877. Mwaka 1998 huko Delhi ulilaza maelfu hospitalini na kuua watu zaidi ya 60, ambao walikuwa wamepika chakula chao cha kila siku tu. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Dawa maalumu ya kuipinga haipo. Mgonjwa huachishwa mafuta hayo kwanza, kisha hutibiwa uvimbe na moyo.

Basi kazi huanzia shambani. Ng'oeni mmea huu ungali na maua, kabla tunda lake lenye miiba halijakauka na kupasuka, kwa maana kila tunda lina mamia ya mbegu, nazo hudumu ardhini miaka mingi. Vaeni glovu. Na anayenunua mbegu za kukamua azimwage kwanza kwenye ungo, azichambue mchana, penye mwanga wa kutosha.