Yoabu, Amasa na Mbio za Kwenda Tabora

JUMANNE

Soma 2 Samweli 20:1–13. Kosa la Amasa lilikuwa nini? Na la Yoabu je?

Sheba mwana wa Bikri alipoinua bendera ya uasi, Daudi alihitaji jeshi upesi. Alimpa Amasa siku tatu za kuwakusanya watu wa Yuda. Amasa akachelewa. Fungu halisemi kwa nini, ila si vigumu kukisia. Muda mfupi nyuma mtu huyu alikuwa mkuu wa jeshi la Absalomu. Sasa anawaita watu wamtetee mfalme yule yule aliyempiga vita. Huenda ilimbidi kubembeleza mahali ambapo mwingine angeamuru.

Yoabu hakujua kubembeleza. Alikuwa amekwisha kuvuliwa ukuu wa jeshi, nao umeahidiwa Amasa (2 Samweli 19:13), mtoto wa mama yake mdogo au mkubwa (1 Nyakati 2:16, 17). Wote wawili walimtaka Sheba kabla hajaingia katika mji wenye boma. Penye jiwe kubwa la Gibeoni, Yoabu akamshika ndugu yake ndevu kana kwamba anataka kumbusu, akamchoma upanga.

Angalia tena fungu la 12. Kila aliyefika penye maiti alisimama. Mtu aliyeua ili kuondoa ucheleweshaji ndiye aliyelisimamisha jeshi zima, mpaka askari mmoja akauvuta mwili kando na kuufunika nguo.

Nchi yetu nayo imeona jambo linalofanana na hilo, ingawa bila upanga kati ya ndugu. Mwaka 1916 majeshi mawili ya washirika yalitaka kuwatoa Wajerumani Tabora. Jenerali Tombeur aliwaongoza Wabelgiji na askari wao wa Kongo. Safu yake moja ilikwenda kwa njia ya Ziwa Viktoria, nyingine ikapita Urundi na kuingia Kigoma tarehe 28 Julai. Kutoka Mwanza alishuka Brigedia Crewe, mwanasiasa wa Afrika Kusini, pamoja na jeshi la Waingereza. Adui alikuwa mmoja na mji ulikuwa mmoja. Hata mizigo walikuwa wamesaidiana: Waingereza waliwapa Wabelgiji wapagazi kutoka Uganda. Lakini kila upande ulitazama nani ataingia kwanza, na Crewe, aliyetamani sana kuwatangulia, alikwamishwa na uhaba wa chakula na wa wabebaji.

Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba. Crewe alikuwa bado njiani. Jenerali Wahle, ambaye safu zile mbili zingeweza kumfungia njia kama zingekwenda kwa shauri moja, alikwisha kuondoka na askari wake kuelekea kusini-mashariki, na vita vikaendelea miaka miwili zaidi. Kasulu, Kibondo na vijiji vyake, Titye ikiwemo, vilibaki chini ya Wabelgiji hadi 1921. Wapagazi waliokufa katika vita ile kwa maelfu hawakuulizwa ni bendera ipi ipandishwe kwanza.

Makanisani mambo huwa madogo zaidi, lakini sura yake ni ile ile. Mzee wa kanisa anataka kila jambo lipite barazani na mahesabu yaandikwe kwanza. Kiongozi wa huduma anataka efoti ianze Sabato ijayo, na maturubai yatapatikana huko huko. Wote wanataka watu wabatizwe. Wa kwanza humwita mwenzake mkaidi, wa pili humwita mwenzake kizuizi, na mara nyingi kila mmoja ana haki nusu.

Soma 2 Samweli 10:9–12 na 12:26–28. Yoabu wa mafungu haya anatofautianaje na yule wa Gibeoni?

Alipozungukwa na adui mbele na nyuma, Yoabu aligawana jeshi na Abishai, wakapatana kwamba atakayelemewa asaidiwe na mwenzake. Hawakupatana nani atasifiwa. Na huko Raba, baada ya kuutwaa mji wa maji, alimwita Daudi aje aumalizie mji, usije ukaitwa kwa jina lake Yoabu. Ni mtu yule yule, mwenye ukali ule ule.

Jadilianeni: Ni nani katika kanisa lenu anayefanya kazi ile ile unayoifanya wewe, lakini kwa mwendo usiokupendeza? Lini mara ya mwisho ulimuuliza amelemewa wapi?