Data za Shambani Zisiishie Kwenye Laptopu

Kila muhula pale Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret kwenye barabara ya kwenda Ziwa, wanafunzi huvaa gambuti na kutoka na daftari. Wengine huenda kwenye mabwawa ya samaki, wengine kwenye ploti za ngano na mahindi, wengine kando ya mto Sosiani kuchota maji ya kupima. Hurudi na namba nyingi. Tasnifu inaandikwa, inatetewa, inajalidiwa. Namba zenyewe hubaki kwenye laptopu ya mtu mmoja, na siku laptopu hiyo ikiibwa kwenye matatu au ikiingia maji, kazi ya misimu miwili imekwenda.

Hasara hii imewahi kupimwa. Mwaka 2014 jarida la Current Biology lilichapisha kazi ya watafiti waliozisaka data za makala 516 za elimu ya mimea na wanyama, makala zenye umri wa miaka 2 hadi 22. Kwa kila mwaka uliopita, uwezekano wa data kuwa bado zipo ulipungua kwa takriban asilimia 17. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mvua ya mwaka 2009 haitanyesha tena ili mtu mwingine aipime upya. Vidokezo hivi ni vya mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri na msaidizi wa maabara anayetaka kazi yake imfae mtu wa Makerere, wa Sokoine au wa Kisumu ambaye hatamwona maishani.

1. Omba ruhusa ya kushiriki data kabla ya kuandika namba ya kwanza

Fomu ya ridhaa ikisema kwamba taarifa "zitatumika kwa utafiti huu pekee", huna namna ya kuzitoa baadaye bila kuvunja ahadi. Ongeza sentensi moja: data zikishaondolewa majina zitawekwa mahali ambapo watafiti wengine wataweza kuzitumia. Isome kwa Kiswahili au Kikalenjin, umwache mama mwenye shamba aulize maswali yake, na umpe nafasi ya kukataa hilo huku akikubali mengine.

2. Andika saa isiyoweza kusomwa kwa njia mbili

Hiki nakisisitiza kuliko vyote. Chukua jedwali la oksijeni iliyoyeyuka katika bwawa la ngege. Msaidizi wa shambani ameandika "saa 12" na kando yake miligramu 3 kwa lita. Ilikuwa mapambazuko au adhuhuri?

Usiku kucha samaki, mwani na bakteria huivuta oksijeni bila jua la kuirudisha, kwa hiyo alfajiri ndipo hushuka kabisa. Jua likipanda, mwani huanza kuitengeneza tena, na alasiri hufika kilele. Miligramu 3 saa kumi na mbili asubuhi ni jambo la kawaida kwenye bwawa lenye mwani mwingi. Miligramu 3 hizo hizo jua la utosini ni dalili kwamba bwawa lina shida kubwa. Msaidizi alijua alichoandika, nawe uliyekuwa naye unajua. Mtu anayesoma jedwali akiwa Uholanzi ataona adhuhuri, atakadiria afya ya bwawa kinyume kabisa, na hakuna atakayemkosoa kwa kuwa hata programu yake imesoma vivyo hivyo.

Kwa hiyo andika 06:00, tena useme ni saa za Afrika Mashariki. Tarehe nayo uanze na mwaka: 2019-04-03. Ukiandika 03/04/2019, Mkenya atasoma Aprili 3 na Mmarekani atasoma Machi 4. Huku Uasin Gishu, kati ya siku hizo mbili kuna watu ambao hawajalima na watu ambao mahindi yao yameshaota.

3. Hakikisha kituo chako hakijahamia nchi nyingine

Chepkoilel iko karibu digrii 0.57 kaskazini mwa ikweta na digrii 35.3 mashariki. Ukizibadilisha nafasi namba hizo mbili, kituo chako kinaangukia Algeria. Hilo utaligundua upesi ukichora ramani. Kosa la hatari ni alama ya kutoa. Sisi tunaishi pembeni mwa ikweta, na -0.57 badala ya 0.57 inakupeleka kati ya Kericho na Bomet, ambako pia ni nyanda za juu, pia kuna mahindi, na kila kitu kitaonekana sawa. Weka vituo vyako vyote kwenye ramani kabla ya kutoa data, na uketi na mtu aliyekwenda shambani mvitazame kimoja kimoja.

4. Gunia ligeuze kuwa kilo, na gunia lenyewe ulitaje

Mkulima wa Moiben atakwambia alipata magunia 22 kwa ekari. Kwa gunia la kilo 90, hiyo ni tani 4.9 hivi kwa hekta. Weka safu mbili, moja ya alivyosema mkulima na nyingine ya hesabu yako, kisha useme gunia lilikuwa la kilo ngapi na mahindi yalikuwa yamekauka kiasi gani.

5. Usiiamini Excel na majina mafupi

Tuseme vituo vyako kwenye kinamasi cha Marura umeviita MAR1, MAR2 na MAR3. Viandike kwenye Excel uone: vinageuka Machi mosi, Machi 2 na Machi 3, kimyakimya. Wataalamu wa jeni wameumizwa na jambo hili hili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika karibu moja ya tano ya makala za jenomu zilizoambatanisha orodha za jeni katika mafaili ya Excel. Mwishowe, mwaka 2020, kamati ya kimataifa ya majina ya jeni iliamua kuzibadilisha jina jeni zenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Wewe huna haja ya kufika huko. Iite Marura_01, weka safu kuwa maandishi kabla ya kuandika, na faili la kushiriki ulihifadhi kama CSV, ambalo litafunguka kwenye programu yoyote hata miaka 30 ijayo. Rangi usizitumie kubeba maana. Njano uliyoipaka kuonyesha vipimo vyenye shaka inapotea mara tu faili likigeuzwa CSV. Fungua safu mpya uandike "shaka" waziwazi.

6. Kiumbe apewe majina yake yote

Mzee aliyekuongoza msituni alikuonyesha tebeswet. Wewe ukaandika Croton macrostachyus. Hifadhi yote mawili, na useme ni nani aliyeutambua mti na kama kuna sampuli iliyokaushwa, na iko habariamu gani. Majina ya kisayansi hubadilika. Kongamano la wataalamu wa mimea lililofanyika Vienna mwaka 2005 liliamua jina Acacia libaki na jamii ya Australia, na lile la Melbourne mwaka 2011 likathibitisha; migunga yetu ikagawanywa kuwa Vachellia na Senegalia. Jedwali la miaka ya 1990 linalosema Acacia halijakosea. Liache jina la zamani, ongeza safu ya jina la sasa.

7. Taja jina la chuo, na yale ya zamani pia

Historia ya mahali hapa ni somo la data lenyewe. Mwaka 1946 palianzishwa kituo cha kuwafunza walowezi kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu kilichoitwa Moi, mwaka 1990 pakawa Kampasi ya Chepkoilel ya Chuo Kikuu cha Moi, mwaka 2010 Chuo Kikuu Kishiriki cha Chepkoilel, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Eldoret. Udongo ni ule ule, majina ni matano. Anayetafuta data za udongo huo kwa jina la Eldoret hatakutana na za mwaka 1998 zilizowekwa kwa jina la Moi, asipoelezwa.

Anwani za baruapepe za chuo nazo hubadilika pamoja na jina. Jisajili ORCID, ni bure, upate namba itakayokufuata popote utakapoajiriwa.

8. Chagua hazina inayofaa aina ya data

Kumbukumbu za wapi na lini kiumbe alionekana zipeleke GBIF, mtandao wa kimataifa wa bayoanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye ofisi Copenhagen. Makumbusho ya Taifa ya Kenya nayo imeweka kumbukumbu zake huko. Mfuatano wa DNA unakwenda GenBank. Vipimo vya maji, mavuno, udongo na mengineyo vinaweza kukaa Zenodo, hazina iliyofunguliwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN. Hailipishi, na inapokea hadi gigabaiti 50 kwa kila wasilisho. Utapewa namba ya DOI, na anayetumia data zako ataitaja kama anavyotaja makala.

Chagua leseni. CC BY inamruhusu yeyote kutumia mradi akutaje. Data zisizo na leseni humwacha mtafiti mwaminifu bila kujua kama ameruhusiwa, naye mara nyingi huziacha.

Ambatanisha faili la maelezo la kurasa mbili tatu: kila safu ina maana gani, kipimo chake, kifaa kilichotumika, na tundu katika data limetokana na nini. Kama mita ya pH iliharibika Julai, liandike hilo. Faili hili ndilo kazi kubwa zaidi ya kushiriki data, na halina budi kuandikwa wakati ungali unakumbuka.

9. Mengine yafiche, tena bila kusita

Jina la mkulima, namba yake ya simu na nukta ya GPS ya boma lake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kuondoa jina pekee hakutoshi. Ukiandika kata, ekari 340 na ng'ombe wa maziwa 60, kijiji kizima kinajua ni nani. Mtaje kwa kaunti ndogo, na ekari uziweke katika makundi.

Viumbe nao wana haki ya kufichwa. Msandali wa Afrika Mashariki uliwindwa mno kwa ajili ya mafuta yake hata serikali ya Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingia kwenye orodha ya pili ya CITES. Ramani yenye nukta za misandali iliyobaki ni zawadi kwa mwenye shoka. Toa eneo la kilomita 10 kwa 10 na uhifadhi nukta halisi kwa watakaoomba kwa sababu inayoeleweka.

Halafu kuna vijidudu na mbegu. Tuna mfano wa Ziwa Bogoria, upande wa pili wa Bonde la Kerio. Sampuli zilizochukuliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilizaa vimeng'enya vilivyoingia katika biashara ya sabuni na nguo za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza kudai mgawo wa faida. Kenya ilitunga kanuni zake za upatikanaji wa rasilimali za jenetiki mwaka 2006, na Itifaki ya Nagoya ikaanza kutumika mwaka 2014. Kama data zako zinatokana na sampuli za namna hii, zungumza na NEMA na ofisi ya utafiti kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha.

10. Toa pia yaliyoshindikana

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata aina mpya ya ngano, Eldo Ngano 1, iliyotokana na mbegu zilizopigwa mionzi kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Adui aliyekuwa akitafutiwa dawa ni Ug99, kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Katika kazi kama hiyo mistari mingi ya mbegu hutupwa ili mmoja usalie. Mtu wa Ethiopia au Iran, ambako kutu hiyo imefika, anahitaji sana kujua ni ipi iliyoangamia na iliangamia mwezi gani. Huko Njoro, vitalu vya KALRO na CIMMYT vimepokea ngano kutoka nchi nyingi tangu mwaka 2005, na matokeo mazuri na mabaya hurudishwa kwa waliotuma mbegu. Njoro si mbali. Tuige.

11. Hofu ya kuporwa ina dawa

Mwanafunzi anayeogopa kwamba mwingine atachapisha kabla yake ana haki ya kuogopa. Hazina nyingi hukuruhusu kufungia data kwa muda: unaziweka leo, DOI unapewa, na mlango unafunguka baada ya mwaka mmoja au tasnifu ikishatetewa. Orodhesha majina ya wote waliofanya kazi, pamoja na fundi wa maabara na msaidizi wa shambani, wakikubali. Msimamizi asijiweke wa kwanza kwenye data ambazo hakuzikusanya.

12. Walioanzisha wapate nakala yao

DOI haina faida kwa mkulima wa Ziwa ambaye bando yake ni ya WhatsApp. Kila shamba liandalie ukurasa mmoja kwa Kiswahili: udongo wako ulikuwa na pH kiasi gani, mavuno yako yalikuwaje ukilinganisha na wastani wa majirani, na chokaa ingekusaidia au la. Mwombe chifu nafasi kwenye baraza ueleze matokeo ya jumla, na karatasi za mashamba umpe kila mtu yake mkononi, kwa faragha. Fanya hivyo Januari au Februari, kabla watu hawajanunua mbolea ya kupandia. Ukichelewa hadi mahindi yafike magotini, karatasi hiyo itangoja msimu mwingine.