Daftari na Simu: Jinsi Rekodi Nzuri Zinavyolinda Mtaji Wako

"Mama, niandikie hizo nyanya. Nitakulipa Ijumaa."

Kama una kibanda Voi, Mwatate, Wundanyi ama Taveta, maneno haya umeyasikia mara nyingi. Na kama wauzaji wengi, ulijibu, "Sawa, mwanangu," ukageukia mteja mwingine. Swali letu leo ni moja tu: uliandika wapi?

Tangu huduma za pesa kwa simu zianze Kenya mwaka 2007, kila malipo ya simu huacha rekodi: kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hiyo ni habari ya biashara yako, na umeipata bila kushika kalamu. Lakini simu inajua pesa zilizopita kwa simu peke yake. Haijui pesa taslimu, haijui deni, na haijui nyanya zilizooza. Kwa hivyo simu inahitaji daftari kando yake.

Safari moja ya Taveta

Tuchukue mfano. Hesabu hizi ni zetu za kufundishia, wewe weka zako. Mama mboga wa Voi anaenda soko la Taveta Jumatano, siku ya soko, ananunua kreti nne za nyanya.

Pesa zilizotoka:
- Kreti 4 kwa shilingi 2,500: 10,000
- Nauli na kubeba mzigo hadi Voi: 1,200
- Ushuru wa soko: 200
- Boda kutoka steji hadi kibandani: 150
- Gharama za kutuma na kutoa pesa: 100
- Jumla: 11,650

Kufikia Ijumaa jioni nyanya zimeisha:
- Taslimu: 6,400
- Malipo ya simu: 5,300
- Deni: 1,500
- Jumla ya mauzo: 13,200

Ukitoa 11,650 kwa 13,200, faida ni shilingi 1,550. Vizuri. Lakini hesabu zilizo mkononi: 6,400 na 5,300 ni 11,700. Amezidi gharama kwa shilingi 50 tu! Faida karibu yote iko kwa wateja.

Sasa jioni hiyo akitoa 700 ya unga, mafuta na karo ndogo ndogo, anabaki na 11,000. Jumamosi, siku nyingine ya soko Taveta, hawezi tena kununua kreti nne na kulipia usafiri. Amepungukiwa na 650. Hapo ndipo wengi husema, "Hii biashara haina faida," ama wanakimbilia mkopo wa simu ili wajazie mtaji. Riba ya mkopo huo nayo inakula faida ya safari inayofuata.

Faida ilikuwepo. Kilichokosekana ni habari. Angeona ile 1,500 imeandikwa, angeanza kwa kukusanya deni kabla ya kukopa.

Mambo matano ya kuanza nayo

1. Tenga pesa za biashara na za nyumbani. Pokea malipo ya wateja kwa tili, pochi ya biashara ama laini tofauti. Ukichanganya, mchango wa chama, pesa ya mtoto aliye Mombasa na mauzo ya nyanya vyote vinaonekana kitu kimoja kwenye taarifa ya akaunti. Jilipe kiasi ulichokipanga kila wiki, na ukiandike kama gharama. Ukichukua ya unga bila kuandika, umejikopesha mwenyewe bila kujua.

2. Andika siku hiyo hiyo. Safu tano zinatosha: tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, deni, na mali iliyoharibika. Usingoje Jumapili. Deni la shilingi 60 la Jumatatu husahaulika kabla ya Jumatano.

3. Linganisha kila jioni kabla ya kufunga. Jumlisha jumbe za malipo ya simu, ongeza taslimu iliyo kwenye kopo, kisha linganisha na daftari. Zikikataana, tafuta sababu usiku huo, wakati bado unakumbuka. Labda chenji ilizidi, labda msaidizi alisahau kuandika, labda kuna malipo ambayo hayakufika.

4. Amini salio lako, si simu ya mteja. Mteja akisema, "Mama, nimetuma, ona hapa," mjibu kwa upole, "Sawa, ngoja na mimi nione kwangu." Ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza. Angalia kama ujumbe umetoka kwa jina la huduma yenyewe na si nambari ya mtu, kisha hakikisha salio limeongezeka. Na mtu akipiga simu kusema ametuma kimakosa, urudishe haraka, usirudishe kwa mkono. Mwambie aombe marejesho kupitia huduma kwa wateja. Nambari yako ya siri usimpe yeyote, hata akijiita mfanyakazi wetu.

5. Soma rekodi zako mara moja kwa mwezi. Omba taarifa ya akaunti, ikae kando ya daftari, halafu jiulize maswali. Siku gani nauza sana? Nani hulipa deni kwa wakati? Kitu gani huharibika? Mama wetu wa mfano anaweza kugundua kwamba kila safari kreti ya nne ndiyo inayooza nusu. Akinunua tatu, pesa ya ile ya nne inaweza kununua vitunguu, ambavyo vinakaa.

Rekodi mbele ya KRA na mkopeshaji

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo kuwa asilimia 3, kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Wengi hudhani hii ni ya maduka makubwa. Lakini hesabu mfano wetu: safari mbili kwa wiki, mauzo ya 13,200 kila safari, kwa wiki 52, ni shilingi 1,372,800. Mama mboga ameshavuka!

Kodi hii hupigwa kwa mauzo, si kwa faida. Ndiyo sababu ni muhimu uweze kuonyesha ni pesa gani ilikuwa mauzo na ipi ilikuwa ya chama. Kwa hali yako mwenyewe, uliza ofisi ya KRA.

Pia, sacco ama benki ikikuuliza biashara yako inaingiza ngapi, "inategemea" si jibu. Miezi sita ya daftari na taarifa ya akaunti ni jibu. Nawe utajua kama unaweza kulipa, kabla hujaweka sahihi.

Habari za wateja ni amana

Daftari la madeni lina majina na nambari za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari hizo. Usibandike majina ya wadeni ukutani, na usimpe mtu mwingine nambari za wateja wako bila ruhusa yao. Mteja aliyeaibishwa hukulipa mara moja, kisha harudi tena.

Anza leo

Usingoje programu ya kisasa. Nunua daftari, funga kalamu kwa uzi ili isipotee, na leo jioni andika mstari wa kwanza. Ukiwa na simu kubwa, piga picha ya ukurasa kila Jumamosi, ili mvua ama moto usiondoke na hesabu zako.

Na kesho mteja akisema, "Mama, niandikie," mwandikie kweli. Mbele yake, na siku ya kulipa.