Amri ya Tano na Mchezaji Aliyeachishwa Kazi

Wengi wakijifunza Amri ya Tano hudhani yawahusu wauaji tu. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo, aliipeleka mpaka kila dhara litendwalo juu ya mwili wa jirani. Basi mkono ulioinuliwa kwa kutisha nao umo. Na tutazame habari iliyotokea Oakland, Marekani, tarehe 1 Desemba 1997.

Latrell Sprewell alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, ameajiriwa na timu ya Golden State Warriors. Siku ile, katika mazoezi, mwalimu wa timu, P. J. Carlesimo, alimwambia atupe mpira kwa nguvu zaidi. Neno dogo! Lakini alimkaba mwalimu koo, akatishia kumwua. Wenzake wakawatenganisha, akatoka nje. Muda si mrefu akarudi, akamwendea mara ya pili. (Hapa mkatekista awasomee watu habari za Kaini, Mwanzo 4, kisha awaulize: Katika kitambo kile, moyo wake ulikuwa ukifanya nini?)

Timu ilimzuia kwanza michezo 10 bila mshahara. Tarehe 3 ikavunja mkataba wake. Kisha NBA, wenye mashindano, wakamfungia mwaka mzima. Chama cha wachezaji kikapeleka shauri kwa mwamuzi, John Feerick, mkuu wa chuo cha sheria cha Fordham, New York. Naye tarehe 4 Machi 1998 akahukumu kwamba kosa ni kubwa, ila lilitoka katika ghadhabu, halikukusudiwa tangu awali. Mkataba ukarudishwa, kifungo kikapunguzwa. Hata hivyo Sprewell alikosa michezo 68 na dola zipatazo milioni 6.4.

Wako walionung'unika kwamba mwalimu amedharauliwa. Mimi naona mwamuzi alitenga mambo mawili ambayo wazee wa kanisa huyachanganya mara nyingi, yaani kumrudi mtu na kumtupa. Tena aliyepima si yule aliyekabwa, wala si mwajiri mwenye hasira; ndiyo maana Mathayo 18 yataka mashahidi. Lakini kusamehe si kumlazimisha aliyetishwa aketi karibu na aliyemtisha. Januari 1999 Sprewell alihamishiwa timu ya New York, na Carlesimo akabaki mahali pake.

Swali la kuzungumza: Mwimbaji akimwinulia ngumi mwalimu wa kwaya, ni nani asikilize shauri lao, na mwalimu alindwe namna gani mpaka liishe?