Kabla Fundi Hajawasha Gesi

Wadogo zangu, leo tukae gereji kidogo.

Mdogo wetu mmoja wa Igamba ameniandikia kuhusu Toyota IST aliyoinunua kwa akiba ya misimu miwili ya kahawa. Kiangazi chote ilimtumikia vizuri. Mvua za Novemba zilipoanza, barabara ya Mlowo kuelekea Kamsamba ikaota makorongo, na gari likawa linasugua tumbo kila safari. Fundi wa karibu amemwahidi kulifanya "liwe la kupandisha na kushusha": atakata bomba la shokapu na kuliunga liwe refu, atapanua matundu ya bolti kwa gesi ili tairi liweze kulazwa au kusimamishwa, na nyuma ataziwekea springi vipande vya chuma. Kazi ya siku moja, bei nafuu. "Dada, nimruhusu?"

Mdogo wangu, kukata na kuunga, usiruhusu. Kuliinua gari inawezekana, na nitakuonyesha njia. Haja yako ni ya kweli. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani linahitaji msaada likifika kwenye tope la Mbozi. Ninachokuomba ni ushike kanuni moja: chochote unachobadilisha kwenye miguu ya gari kifungwe kwa bolti, na siku ukitaka, kiweze kurudi kilivyotoka kiwandani. Kikihitaji moto, kiache.

Haya sikusimuliwa. Miaka ya nyuma nilikuwa na gari dogo la kubebea mahindi, na fundi mmoja akanichomelea shokapu ya mbele kulia. Niliondoka nimefurahi, gari limekaa juu kama nilivyotaka. Wiki ya tatu, nina magunia matano nyuma na mama yangu ameketi pembeni, nikasikia mlio kama wa tawi linalovunjika, usukani ukanichomoka mikononi. Mshono ulikuwa umeachia, tairi limelala ndani limebana bodi. Tulikuwa tambarare, mwendo wa pole, Mungu akatunusuru. Mama hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, ingekuwa mlimani?" Swali hilo ninalo mpaka leo.

Sasa uelewe kwa nini mshono ule haukuwa na haki ya kuwa pale. Mbele ya IST, kama magari mengi madogo, kuna mfumo unaoitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1940. Katika mfumo huu shokapu ina kazi mbili: inatuliza mtikisiko, na hapohapo ndiyo nguzo inayolisimamisha tairi. Juu imeshikwa na bodi kwa nati, chini imeshikwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba habu. Ukifunga breki, ukikata kona, ukidumbukia korongoni, nguvu zote hupita kwenye bomba lile. Kulikata na kuliunga ni kuvunja mguu na kuufunga kwa kamba, kisha kumwambia mgonjwa abebe gunia.

Springi nayo ina siri yake. Nguvu yake ya kubonyea na kurudi hutokana na jinsi chuma chake kilivyopikwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Ikipigwa gesi, hata sehemu ndogo, pale hulegea au huwa kama kioo. Wanaotaka gari lishuke huzichoma, wanaotaka lipande huzivuta kwa moto. Wote wawili wanaharibu kitu kilekile. Hata vile vipande vya chuma ulivyoahidiwa vinaizuia springi isibonyee pale vilipokaa, na mzigo wote unahamia kwenye mizunguko iliyobaki. Hapo ndipo springi hukatika.

Na yale matundu? Bolti mbili za chini ya shokapu ndizo zinazoshika mlalo wa tairi, ule ambao mafundi wa alaimenti wanauita kemba. Tundu likishapanuliwa kwa gesi au grainda, bolti inabaki imeshikilia kwa msuguano peke yake. Gonga shimo moja kubwa, inateleza, na tairi linalala bila wewe kujua mpaka uone limelika upande mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: kiwanda chenyewe kimeshakuachia sehemu za kurekebisha. Kila gari lina tairodi zenye nati za kufungua na kukaza ili matairi yaelekee mbele sawasawa. Kwa kemba, Toyota huwa na bolti za badala kwa magari yake mengi madogo: zina kiuno chembamba kidogo na alama za nukta kichwani, zinampa fundi nafasi ya kusogeza tairi kidogo bila kugusa tundu. Zipo pia bolti zenye duara lililokaa upande. Ukizizungusha, tairi linasogea, ukizikaza, linatulia. Muulize muuza spea kabla hujamwita mtu wa gesi. Nyuma ya IST ni boriti moja, haina bolti ya kurekebisha mlalo. Tairi la nyuma likilala, chunguza kama boriti imepinda au bearingi imekwisha.

Basi tuinue gari lako, kwa mpangilio huu.

Kwanza, hakikisha halijashuka kwa uchovu. Gari lililotembea miaka mingi kabla ya kufika kwako huenda springi zimelala, bushi zimekatika, boljointi zina uwazi. Rudisha afya kwanza. Wengi wakishafunga springi mpya wanagundua hawakuhitaji zaidi.

Pili, tazama matairi. Tairi likizidi kimo kwa sentimita 2, gari huinuka sentimita 1, maana nusu ya nyongeza iko chini ya habu na nusu iko juu. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone haligusi bodi.

Tatu, kama bado unasugua, weka spesa juu ya shokapu za mbele: kipande kizima cha aluminiamu au plastiki ngumu kilichotengenezwa kwa gari hilo, kikiwa na bolti zake. Nyuma weka springi ndefu kidogo au spesa ya aina hiyohiyo. Mbao hapana, vipande vya tairi bovu hapana. Usizidishe sentimita 2 au 3. Ukizidisha, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, boljointi inafika mwisho wa uwezo wake, na mpira wa breki unavutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Wenzangu wa Hiace na zile Hilux za zamani zenye nondo ndefu za chuma mbele badala ya springi za mviringo, ninyi kiwanda kimewapendelea. Mwisho wa kila nondo kuna bolti ya kupandishia na kushushia. Gari lipandishwe jeki ili bolti ipumue, weka alama ya rangi ilipokuwa, zungusha bolti ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto idadi sawa ya mizunguko, shusha, sukuma gari mbele na nyuma litulie, ndipo upime. Mkikaza mpaka mkono wa juu unagusa mpira wake gari likiwa limesimama tu, mmepita. Litarukaruka kama mbuzi na boljointi hazitafika mvua nyingine.

Kwa wanaoongeza majani ya springi nyuma ili wabebe kahawa, sikilizeni hili kwa masikio mawili. Hilux na Hiace nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari likibonyea kwa mzigo, valvu inaziongezea nguvu breki za nyuma. Ukiinua nyuma kwa majani, valvu inadhani gari ni tupu, inazipunguzia nguvu breki za nyuma wakati wewe umejaza magunia. Kisha unateremka Senjele, malori yametanda mbele yako. Fundi akiongeza jani, airekebishe na fimbo ile siku hiyohiyo.

Namna ya kuzungumza na fundi nayo ina adabu yake. Mwamkie, msikilize, umheshimu kwa kazi yake. Kisha uliza bila woga, hasa wewe binti ambaye watu hudhani utakubali lolote: "Fundi, hiki kitafungwa kwa bolti au kitachomelewa? Nikitaka kukirudisha, kitarudi? Utakipima kwa nini?" Fundi mzuri hufurahia maswali haya. Anayekasirika amekujibu tayari. Sehemu za zamani zikitolewa, ondoka nazo. Ndiyo njia yako ya kurudi.

Kazi ikiisha, bado hujamaliza. Kimo cha gari kikibadilika, mwelekeo wa matairi nao hubadilika, hata kama hakuna aliyegusa tairodi. Liendeshe siku chache springi zikae, kaza nati tena, kisha lipeleke kwenye mashine ya alaimenti, hata ikibidi kwenda Mbeya mjini, na uombe karatasi ya vipimo. Gharama ya mafuta ni ndogo kuliko matairi mawili yaliyolika kwa mwezi. Shusha na taa za mbele, maana gari lililoinuka humulika dereva wa lori machoni usiku kwenye barabara ya Tunduma. Iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi. Na kumbuka kwamba wajibu wa gari kuwa salama barabarani ni wako wewe mwenye gari. Fundi hatakuwa pembeni yako siku trafiki akikusimamisha, wala siku ile ya mteremko.

Mdogo wangu wa Igamba, kabla ya yote haya fanya kazi moja ya bure. Jioni ya leo, simamisha gari mahali tambarare, bila mzigo. Chukua futi, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, uandike daftarini. Usipime kutoka chini, kwani tairi lililolika au lenye upepo mdogo litakudanganya. Ukikuta upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake, umeshajua springi ipi imechoka, na huenda tatizo lako ni dogo kuliko ulivyoambiwa.

Mwambie fundi angoje. Nitumie namba hizo nne, tuanze nazo.

Dada yenu.