Sarufi ya Miongozo ya Safari: Mfano wa Kilimambogo

Mwongozo wa safari ni matini yenye wajibu mzito: msomaji hauhakiki kitini, bali huuhakiki kwa miguu yake. Makala haya yanachunguza wajibu huo kwa kurejelea eneo la Kilimambogo, kilomita zipatazo 65 kutoka Nairobi kupitia Thika, ambalo wakazi wengi wa jiji hulisikia tu likitajwa.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili hakikosi jadi ya maandishi ya safari. *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka wa 1901, una habari za misafara ya bara. Hata hivyo, habari za safari si mwongozo. Msimulizi hutumia -li- na -ka-: aliondoka, akafika, akalala. Mwandishi wa mwongozo humwelekeza mtu ambaye bado hajaondoka, kwa hivyo hutegemea kitenzi cha kuamuru, kiishio -e na wakati ujao: "shuka barabarani, ugeuke kulia, utafika mtoni." Hu- ya mazoea nayo ina ahadi ndani yake. Anayeandika "matatu hupita hapa jioni" anadai kuwa amelishuhudia jambo hilo zaidi ya mara moja. Aliyepita Jumapili moja tu hana haki ya kuitumia. Na aseme "ilipita".

Suala la majina lina uzito zaidi. Mlima wenyewe una kimo cha mita 2,145, nao umo katika mbuga iliyotengwa mwaka wa 1967. Jina rasmi, Ol Donyo Sabuk, ni la Kimaasai, yaani mlima mkubwa. Kilimambogo ni kilima cha mbogo, na kweli nyati wangalipo. Lakini Kilimambogo ni jina pia la soko lililo kando ya barabara ya Thika kuelekea Garissa, ilhali mji ulio chini ya mlima wenyeji huuita Donyo. Msafiri anayeagizwa "ushuke Kilimambogo" bila ufafanuzi atashuka sokoni akidhani amefika mlimani, na bado ana safari. Kosa hili si la jiografia. Ni la semantiki, na anayelilipia ni msomaji aliyebeba mtoto mgongoni.

Miongozo hupenda kutaja kaburi la William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka wa 1925 na kuzikwa mlimani humo. Halina ubaya. Ila kaburi halimsaidii mtu kujua pa kushukia.

Jaribio kubwa la uaminifu liko kwenye Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi, kabla ya kufika Donyo. Vivumishi vya utalii viko tayari kalamuni: maangavu, safi, matulivu. Hakuna kimoja kinachofaa hapa. Mto Nairobi humimina maji yake katika Athi juu ya maporomoko hayo, pamoja na taka za jiji, na povu huonekana kwa macho. Mwandishi anayesifia "maji safi" anamhatarisha mgeni atakayeoga, na anawafuta wakazi wa bondeni ambao huishi na uchafu wa jiji lilelile analotoka mgeni huyo. Sentensi inayofaa ni fupi: "Tazama maporomoko ukiwa ukingoni, usioge, usinywe, wala usikanyage miamba bila mwenyeji anayeijua."